Kabla ya kutupa dadu: namna ya kuketi katika mchezo wa nafasi



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi wataliona dogo: nani anaketi wapi wakati tunapocheza mchezo wa nafasi. Tumelichagua kwa sababu viongozi wa vikundi vya mazungumzo wametuuliza mara nyingi kwa nini mchezo uleule, wenye hadithi ileile na kanuni zilezile, unafaulu katika kikundi kimoja na kuleta ugomvi katika kingine. Zamani tulijibu kwamba ni tabia za watu. Siku hizi, kabla ya kujibu, tunauliza: mliwaketishaje?

Mchezo wenyewe ni upi

Kwa wale ambao hawajaushiriki, mchezo wa nafasi ni hadithi inayosimuliwa na watu kadhaa kwa pamoja wakiwa wameketi. Mmoja ni mwongozaji. Yeye anaeleza mahali na tukio: "Mko katika kijiji cha Kilima-Tatu, kiangazi ni kikali, bomba linalotoa maji limebaki moja." Wengine, wanne mpaka sita, kila mmoja amepewa mtu wa kuwa: huyu ni chifu, huyu ni mama mwenye mtoto mchanga, huyu ni mfugaji, huyu ni mwalimu ambaye hajalipwa tangu Pasaka. Kila mchezaji anasema mtu wake anafanya nini, na jambo likiwa la bahati, dadu inatupwa. Hakuna jukwaa, hakuna mavazi, hakuna watazamaji wa kupiga makofi. Hapo ndipo unapotofautiana na teatri ambayo mashirika mengi yamewazoeza. Katika teatri mtu anaigiza mbele ya kijiji kizima. Hapa anajaribu maneno mbele ya watu watano tu, na kesho anaweza kuyakana.

Kijiji cha Kilima-Tatu hakipo popote. Tumekibuni kwa makusudi, nasi tunawasihi msitumie jina la kijiji cha kweli, hata kama wachezaji wanaomba.

Mchezo huu haukuzaliwa kwetu. Ulitokea Marekani, kati ya watu waliokuwa wakicheza vita mezani kwa vijiaskari vidogo. Ndiyo, ulitoka katika michezo ya vita. Tunalisema wazi kwa sababu mzazi mmoja alituuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota, bwana mmoja aitwaye David Wesely aliandaa mchezo uliokuwa katika mji wa kubuni wa Ujerumani. Badala ya kumpa kila mtu jeshi, wachezaji wengine aliwapa nafasi za raia: mkuu wa mji, mwenye benki, mkuu wa chuo. Alipanga kuwaita mmoja mmoja katika chumba cha pembeni wamwambie wanachotaka kufanya. Lakini waliobaki wakisubiri hawakukaa kimya. Walianza kupatana, kudanganyana na kupanga njama wao kwa wao, hata Wesely akaona kwamba mchezo umemharibikia. Wachezaji wakamwomba awaandalie mwingine.

Mmoja wa wachezaji wa duara lile, Dave Arneson, aliendeleza jambo hilo katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake, mji wa St. Paul. Meza waliyotumia ilikuwa ile ya mpira wa meza. Kisha yeye na Gary Gygax wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, wakatoa mwaka 1974 mchezo uitwao Dungeons & Dragons, sandukuni vijitabu vitatu, na kutoka hapo michezo ya aina hii ikaenea dunia nzima.

Tunataja historia hii kwa sababu moja. Chumba cha pembeni cha Wesely, meza ya Arneson, na mahali alipoketi Gygax, ambapo tutapafikia, vinaonyesha kwamba tangu siku ya kwanza mchezo ulifuata mahali watu walipowekwa. Wesely hakuandika popote kwamba wachezaji wapange njama. Aliwaacha tu chumba kimoja bila mwongozaji, na njama zikaja zenyewe.

Kosa letu wenyewe

Sasa tueleze yaliyotupata katika kijiji kimoja ambacho hatutakitaja. Palikuwa na bomba moja la maji, wenyeji na waliohama wakilitumia pamoja, na kila asubuhi kulikuwa na matusi kwenye foleni. Wenyeji walisema wageni wanamaliza maji. Wageni walisema bomba lililetwa kwa ajili yao. Mabinti wa upande wa waliohama walikuwa wameanza kuchota usiku ili kukwepa foleni, na ninyi wazazi mnajua vizuri nini kinaweza kumpata binti njiani usiku. Tuliombwa kuleta mchezo.

Tulikopeshwa chumba cha kanisa chenye meza ndefu na viti virefu vya mbao viwili, kila kimoja cha kuketi watu wanne au watano. Watu walipoingia, kila mtu alikwenda kwa watu wake: waliohama upande wa dirisha, wenyeji upande wa ukuta. Kapita wa kijiji akakaa kichwa cha meza, prezidenti wa kambi kichwa cha pili. Tuliona. Tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya barabara, mvua ilikuwa inakuja, tukasema basi, tuanze hivyohivyo. Zaidi ya hayo tulimpa kapita nafasi ya chifu wa Kilima-Tatu, tukidhani tunamheshimu.

Kwa nusu saa mambo yalikwenda. Kisha kijana mmoja wa wenyeji, ambaye mpaka wakati ule alikuwa akisema "wageni wa Kilima-Tatu wanafanya hivi, wanafanya vile", akasema: "Ninyi mnafanya hivi." Neno lile "ninyi" lilivuka meza kama jiwe. Mama mmoja akasimama ghafla kumjibu. Wale mliokaa juu ya kiti kirefu mnajua kinachotokea wa katikati wakisimama wote pamoja: aliyebaki pembeni alianguka na kiti chake, mzee wa watu, na waliokuwa ng'ambo wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichotuletea maneno kwa majuma matatu. Tulifunga kikao bila sala. Mabinti waliendelea kuchota usiku.

Tulirudi Goma tukiwa na aibu, tukaanza kutafuta tulichokosea. Kanuni zilikuwa sawa. Hadithi ilikuwa sawa. Meza ndiyo iliyokuwa imekwisha kusema kila kitu kabla yetu: pande mbili, wakubwa wawili, na katikati kitu kipana kisichovukika.

Meza ina maneno yake

Hata wakubwa wa dunia wamegombana juu ya meza. Mwishoni mwa 1968, mazungumzo ya kumaliza vita vya Vietnam yalipotakiwa kuanza Paris kwa pande zote, wajumbe walipoteza majuma mengi wakibishana juu ya umbo la meza, mpaka Januari 1969. Meza ya pande mbili ilimaanisha kwamba waliopigana ni wawili tu. Meza ya pande nne ilimaanisha kwamba waasi wa kusini ni upande unaojitegemea. Suluhisho lilikuwa meza ya duara isiyo na bendera wala majina ya wajumbe, na meza ndogo mbili za mstatili pembeni. Watu wengi duniani waliwacheka. Sisi hatucheki tena.

Wataalamu nao walichunguza. Mwaka 1961, Fred Strodtbeck na Harmon Hook walieleza yale waliyoyaona kwa watu waliowekwa kuzunguka meza ndefu kama wazee wa baraza la mahakama na kuambiwa wamchague kiongozi wao. Waliokaa kwenye vichwa vya meza walichaguliwa mara nyingi kuliko waliokaa ubavuni. Mwingine, Bernard Steinzor, mwaka 1950 aliangalia vikundi vilivyoketi duara, akaona kwamba mtu akimaliza kusema, anayemjibu zaidi ni yule anayemkabili kwa macho kuliko jirani wa bega kwa bega.

Haya mawili yanatosha kubadilisha kazi yenu yote. La kwanza: kichwa cha meza kinampa mtu ukubwa ambao hakupewa na hadithi. Ukimweka pale kapita wa kweli, hakuna chifu mwingine atakayeweza kuchezwa katika chumba hicho. La pili: ukitaka watu wawili wajibizane, waketishe wakabiliane, ukitaka wapumzike kidogo, waketishe ubavu kwa ubavu, au kwenye kona ya meza, wote wakiangalia kitu kimoja kilicho katikati. Hivyo mnyamavu wa kikundi tunamweka mbele ya macho ya mwongozaji. Msemaji mkuu, yule ambaye kila kikundi kinaye, tunamweka karibu kabisa na mwongozaji, ubavuni, ambapo ni vigumu kumkodolea macho. Watu wanadhani tunamheshimu. Tunamheshimu kweli, lakini pia anapunguza maneno.

Upana nao una kazi. Meza ya mpira wa meza kama ile ya Arneson ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525. Ni nzuri kwa watu wanaosimama na kusogeza vitu juu yake. Kwa watu wanaotaka kusikilizana ni shamba. Kipimo chetu ni mkono: mchezaji aliyeketi aweze kunyoosha mkono na kufika katikati, na mwenzake wa ng'ambo vilevile. Meza ya kulia chakula nyumbani, ya watu wanne, yafaa kabisa kwa watano na mwongozaji. Mkibanana kidogo si vibaya.

Mlango na mgongo

Jambo hili hatukulisoma popote. Tulifundishwa na papa mmoja aliyekuwa mchezaji mzuri katika kikundi chake cha zamani, na ambaye katika kikundi kipya alikuwa kama mtu aliyelala. Tulimwuliza nje, baada ya kikao. Akajibu: "Mimi nikiketi bila kuuona mlango, sisikii mnachosema. Nasikiliza mlango."

Tangu siku hiyo hatumweki mtu yeyote aliyekimbia usiku na mgongo wake mlangoni. Kwa kuwa katika vikundi vyenu karibu kila mtu amekimbia usiku, hesabu inakuwa ngumu. Tunachofanya ni hiki: mwongozaji ndiye anayekaa mgongo mlangoni, pamoja na mmoja wetu kama yupo. Wachezaji wanapangwa nusu duara kuelekea mlango, na mlango unabaki wazi isipokuwa kwa baridi kali au mvua. Watoto watachungulia; waacheni wachungulie. Mama mwenye mtoto anayenyonya hukaa mwisho wa nusu duara, karibu na njia, atoke na kurudi bila kuvuka magoti ya watu. Nafasi yake katika hadithi isiwe ile ambayo bila yeye kila kitu kinasimama.

Jua pia. Saa tisa mchana jua likiingia dirishani, anayelikabili hukunja uso, na aliye mbele yake anadhani amekasirikiwa. Tumeshuhudia ugomvi mdogo ulioanza hivyo. Fungeni kitenge dirishani.

Pasipo meza

Wengi wenu mnasoma hapa mkisema: hawa watu wa shirika wanazungumzia meza, sisi hata kitanda hatuna. Tunajua. Tangu kambi nyingi za kando ya Goma zilipoondolewa mwezi wa pili 2025 na watu kutawanyika, vikundi vilivyokuwa na hangari la mikutano vimebaki bila mahali. Vinakutana katika darasa baada ya masomo, katika kanisa, au katika chumba cha mita tatu kwa tatu cha jamaa mpokeaji, kati ya magunia na masufuria.

Meza ni mahali ambapo macho ya wote yanakutana, tena ambapo kila mkono unafika. Basi mkeka waweza kuwa meza. Mlango uliong'olewa na kulazwa juu ya bidoni nne waweza kuwa meza; tumecheza juu yake mara nyingi. Chukudu iliyolazwa pia, ingawa mwenye chukudu atataka kuondoka nayo katikati ya hadithi.

Shida kubwa pasipo meza ni kimo. Mmoja ana kiti cha plastiki, wawili wako juu ya bidoni, mmoja juu ya jiwe, wengine chini. Aliye juu anasikika kama anayeamuru hata akiomba chumvi. Mwanzoni sisi, kwa bidii ya usawa, tuliwashusha wote mkekani. Mzee mmoja alishuka kwa heshima yetu, akakaa saa nzima bila neno, na mwisho ilibidi vijana wawili wamwinue. Goti lake lilikuwa bovu tangu njia ya Rutshuru. Usawa wa namna hiyo ni adhabu. Siku hizi mwenye goti bovu anakaa juu, na mwongozaji naye anatafuta kitu cha kimo kilekile akae ng'ambo yake, ili mzee asiwe peke yake huko juu.

Kiti cha mkubwa ni habari nyingine. Mzee hanyang'anywi kiti mbele ya watu. Ikiwa hadithi inataka kiti kile kikaliwe na mwingine, au kisiwepo, tunakwenda kwake jioni ya siku iliyotangulia, tunapiga hodi, tunakaa, tunanywa anachotupa, ndipo tunamweleza. Mara nyingi yeye mwenyewe husema: "Nitakikopesha." Mmoja alitukopesha kiti lakini akakataa katakata kuacha fimbo yake nje. Tulikubaliana naye, fimbo ililala chini ya mkeka.

Angalieni pia mila zenu. Katika baadhi ya familia mkwe na mama mkwe hawakabiliani. Msiwauguze watu kwa mchezo. Ulizeni mapema, tena mwulize mama mmoja wa pale, si kitabu chetu.

Sikio ni mali. Asiyesikia vizuri sikio la kushoto awekwe ili la kuume lielekee kwa mwongozaji. Mvua kubwa ikipiga mabati, acheni kucheza, sogeeni, simulieni mambo mengine. Kupiga kelele juu ya mvua kunafanya kila neno liwe la hasira.

Ramani na dadu

Katikati panawekwa ramani ya kijiji cha kubuni. Tunaichora kwa makaa nyuma ya gunia, bila maandishi. Ramani yenye maandishi ina mwenyewe: ni yule anayeyasoma yakiwa wima. Wengine wanaisoma kichwa chini, wanachoka, wanamwachia. Chora mti, bomba, kanisa, soko, na baada ya kila sehemu ya hadithi zungusheni gunia robo. Watu na mifugo ni punje za maharagi na mahindi. Zihesabuni kabla na baada. Watoto wana njaa.

Dadu isitupwe juu ya mawe. Katika vijiji vilivyo juu ya lava inapotea kati ya mawe, na mtu anayetafuta dadu chini ya miguu ya wenzake amekwisha kutoka katika hadithi. Tieni kitenge kilichokunjwa ndani ya basini ndogo, dadu itupwe humo. Kitenge kinameza sauti pia. Bakuli la bati tupu linapiga mlio unaowashtua wengine, na hamtajua ni nani mpaka mmemshtua. Basini izunguke mkono kwa mkono. Kila mtu aione namba kwa macho yake mwenyewe, la sivyo mtaambiwa mmeiba kura.

Mwongozaji aketi wapi

Mchezaji mmoja wa siku za kwanza amesimulia kwamba Gygax alikuwa akiongoza mchezo akiwa nyuma ya kabati la mafaili, wachezaji wakisikia sauti yake bila kumwona uso. Baadaye kampuni yake, TSR, iliuza mwaka 1979 kizuizi cha karatasi ngumu, ambacho mwongozaji anakisimamisha mezani ili kuficha maandishi yake na dadu zake. Waongozaji wengi duniani wanakitumia mpaka leo, na kwao ni jambo la furaha: kuna siri, kuna mshangao.

Kwetu tunawashauri msikitumie. Watu ambao orodha za msaada zimeandikwa nyuma ya meza wasiyoiona, na majina yao yakakosekana, hawana furaha na mtu anayeandika nyuma ya kizuizi. Tulijaribu mara moja. Mama mmoja hakucheza kabisa. Alikuwa akinyoosha shingo kuangalia kama jina lake limo. Tangu pale maandishi yetu yako wazi juu ya goti, na yaliyo ya siri tunayashika kichwani. Mchezo unapoteza kidogo utamu. Tumekubali.

Lakini chumba cha pembeni cha Wesely tumekihifadhi. Tunaacha mahali, hata kama ni jiwe chini ya mti au nyuma ya shitingi, ambapo wachezaji wawili wanaweza kwenda kuzungumza kwa muda mfupi kisha warudi. Kuna maneno ambayo hayawezi kusemwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu sita. Mwongozaji asiwafuate.

Mara ya pili kwenye bomba

Tulirudi katika kijiji kile baada ya majuma sita. Meza ya kanisa tuliiacha ukutani. Tuliweka mlango juu ya bidoni, na mlangoni pa chumba tukashika kofia yenye vizibo vya chupa, vya njano na vyeupe. Aliyetoa cha njano aliketi karibu na aliyetoa cheupe, basi kila mtu akawa na jirani ambaye hakumchagua. Kijana wa "ninyi" na yule mama aliyesimama hatukuwaachia bahati: tuliwaketisha kwenye kona, magoti yakikaribiana, macho yao yote mawili kwenye gunia. Kapita tulikuwa tumekwenda kwake jioni iliyotangulia. Alikubali kuwa mama aliyehama, mwenye mtoto mgongoni. Prezidenti wa kambi akawa mwenye shamba ambamo bomba limesimama.

Mvua ilinyesha, na kwa bahati kona ya kapita ilikuwa inavuja. Alivumilia matone matatu, manne. Kisha, kwa sauti ya yule mama wa hadithi, akauliza: "Mimi mgeni, niketi wapi sasa?" Hapakuwa na aliyejibu mara moja. Halafu wakacheka wote, naye akacheka, na prezidenti akasogea akampa nusu ya nafasi yake.

Katika mchezo ule wachezaji walivumbua kwamba foleni iwe ya bidoni, si ya watu: bidoni ya mwenyeji, bidoni ya mgeni, hivyohivyo kwa zamu, na wenyewe wakae kivulini. Juma lililofuata komite ya maji ililijaribu kwenye bomba la kweli. Lilikwenda, lisimame, likaenda tena. Ugomvi wa shamba la juu ya bomba haujaisha. Uko mbele ya chifu hadi leo, na hatuna mchezo wa kuumaliza. Mabinti wanachota mchana.

Kazi ya kikundi

Kabla ya toleo lijalo, tunawaomba mkutane hata mara moja bila kucheza. Mwingie mahali mnapokutania siku zote na kila mtu aketi pale anapoketi siku zote. Kisha mtazamane. Nani yuko karibu na mlango, nani hauoni? Nani ana kiti? Ni nani wawili wanaokabiliana, na je, ndio walewale wanaobishana kila juma? Nani yuko mahali ambapo mkono wake haufiki katikati? Vijana wachore picha ya mkao huo kwa makaa. Halafu badilishaneni nafasi, kila mtu achukue mahali pa yule aliyemkabili, mkae hivyo kwa dakika kumi mkizungumzia jambo jepesi, kwa mfano bei ya maharagi. Mtuandikie, au mmwambie mhamasishaji wetu akija, mtu gani alizungumza siku hiyo ambaye huwa hazungumzi, na alikuwa ameketi wapi.